Maziwa Yaliyoisha Bila Tangazo

Mathe wangu hawezi kusema "maziwa ya Nyayo" bila kutumia mikono. Anakutanisha vidole, anatengeneza kitu chenye pembe, juu hiyo pakiti haikuwa kama hizi za sai. Ilikuwa kama piramidi. Halafu anakuonyesha vile walikuwa wanang'ata pembe moja na kufyonza taratibu ili isiishe haraka. Ana miaka arobaini na kitu, ana kibanda cha mandazi, magoti yanamsumbua, lakini akifika hapo kwa piramidi anarudi darasa la pili mbele ya macho yako.

Siku moja nilimuuliza, yaliisha lini? Akanyamaza. Akasema alipofika darasa la sita hivi, yalianza kuja wiki hii na kuruka wiki ijayo. Kisha yakaruka muhula mzima. "Hakuna mtu alikuja paredi kutuambia yameisha," akasema. "Tulikuwa tu tunangoja lori."

Hiyo sentensi imenikaa kichwani miezi kadhaa. Nimejaribu kuisoma historia yote ya kulisha watoto shuleni kupitia hiyo sentensi, na leo nataka tuongee kuhusu hiyo historia. Wale mlikuja kwa ajili ya vichekesho, nawaomba radhi, vitarudi Ijumaa.

Kwanza niseme kwa nini nasumbuka. Mimi nimekulia nyumba yenye mandazi kila asubuhi, na nilikuwa naenda shule na strungi pekee. Mtu akiskia hivyo anadhani mathe alikuwa mchoyo. Ni hivi: mandazi ni mtaji. Ukipika sitini, faida yako iko kwa zile kumi na kitu za mwisho. Watoto watatu wakila mbili mbili, sita zimeenda, na kesho unga unanunuliwa kwa deni. Kwa hivyo tulikuwa tunazihesabu, tunazipanga kwa beseni, tunazifunika na kitambaa, kisha tunaenda zetu. Somo la kwanza lilikuwa hesabu. Mpaka leo sijui kama mimi ni mjinga wa hesabu ama nilikuwa tu na njaa. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa sababu ya karo, na kila mtu akiniuliza nilikosea wapi, huwa nafikiria hilo beseni.

Sai mdogo wangu yuko Gredi ya 4 hapa Nairobi, na yeye ana bangili. Anaigusisha kwa mashine, wazazi wanalipa shilingi 5, anapata sahani ya moto. Hiyo ni Dishi na County, mpango wa kaunti na shirika la Food4Education, ulioanza mwaka 2023. Hilo shirika lenyewe Wawira Njiru alilianzisha mwaka 2012 kule Ruiru akilisha watoto 25. Sitawahi kuusema vibaya huo mpango. Mtu ambaye hajawahi kukaa na njaa saa nane mchana akisoma Sayansi asinifunze kuhusu huo mpango. Lakini hicho ni chakula cha mchana. Huyu kijana anakula ugali saa mbili usiku, na kitu kingine cha maana kinaingia tumboni saa saba kasorobo kesho yake. Hesabu mwenyewe. Ni karibu saa 17. Masomo magumu yote wameyaweka hapo katikati.

Sasa, historia.

Wengi wetu tunadhani chakula cha shule kilianza kwa huruma. Hapana. Kule Uingereza kilianza kwa hofu. Walipigana vita Afrika Kusini kati ya 1899 na 1902, vijana wakaenda kujiandikisha jeshi, na wengi wakarudishwa kwa sababu miili ilikuwa imedumaa. Serikali ikashtuka: himaya italindwa na nani? Mwaka 1906 wakapitisha sheria ya kuruhusu mabaraza ya miji kulisha watoto wa shule. Mwaka 1907 mji wa Bradford ukachukua watoto 40 wa familia maskini, ukawalisha asubuhi na mchana, na kuwapima uzito. Asubuhi walipewa nini? Uji. Uji wa oti na maziwa, na mkate. Uzito ukapanda. Shule ikafungwa likizo, uzito ukashuka. Walipochora grafu, likizo ilionekana kama shimo.

Halafu kuna hii, ambayo hakuna mwalimu wangu aliwahi kunifunza. Kulikuwa na mwanasayansi Mskoti anaitwa John Boyd Orr. Miaka ya 1920 alifanya majaribio ya kuwapa watoto wa shule Uskoti maziwa, na akaonyesha kwamba wanaokunywa wanakua haraka kuliko wenzao. Miaka hiyo hiyo alikuwa anafanya utafiti mwingine wapi? Hapa Kenya. Yeye na Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya afya ya koloni, walipima Wakikuyu na Wamaasai kwa maelfu na kulinganisha chakula chao, na mwaka 1931 ripoti ikachapishwa. Wanaume wa Kimaasai, walioishi kwa maziwa, nyama na damu, walikuwa warefu kwa wastani wa inchi 5 kuliko Wakikuyu waliokula zaidi nafaka, mizizi na maharagwe. Orr baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, na mwaka 1949 akapewa Nobel ya Amani.

Hebu ona hiyo. Mtu mmoja, mizani aina moja, watoto wa mahali mbili. Kule Uingereza, kuanzia 1934, watoto wa shule wakaanza kupata maziwa kwa bei ya chini, na 1946 yakawa ya bure. Huku kwetu kilibaki kitabu. Mpango wa maziwa kwa shule za msingi za nchi nzima tuliuona 1979, miaka 48 baada ya hiyo ripoti. Walijua. Waliandika. Wakafunga faili.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi kiko Oakland, California.

Wengi mnawajua Black Panther kwa picha: koti jeusi la ngozi, bereti, bunduki. Chama kilianzishwa Oktoba 1966 na Huey Newton na Bobby Seale, kazi yao ya kwanza ikiwa kufuata polisi mtaani na kuwachunga wasiwapige watu weusi. Januari 1969 wakaanza kitu kisicho na bunduki kabisa. Kanisa la Kianglikana la St. Augustine, chini ya Padri Earl Neil, liliwapa ukumbi. Mama mmoja wa kanisa hilo, Ruth Beckford, aliyekuwa mwalimu wa dansi, akasaidia kupanga jinsi ya kuendesha jikoni. Wakaamka alfajiri, wakapika mayai, mkate, uji wa mahindi na maziwa, wakawapa watoto kabla ya shule. Bure. Hakuna fomu ya kujaza kuthibitisha kwamba wewe ni maskini. Siku ya kwanza walikuja watoto 11. Wiki ikiisha walikuwa 135.

Fikiria kazi iliyokuwa hapo. Hawa ni vijana wa rika letu, miaka 19, 20, 22. Wengine hawakuwa wamewahi kuamka saa kumi na moja alfajiri kwa hiari yao. Wanazunguka kwa maduka ya mtaa kuomba mayai na maziwa. Wanaosha sufuria. Wanavusha watoto barabara. Kama mwaka ungekuwa huu, nusu yetu tungefanya siku mbili, tuweke video, tupotee. Wao waliendelea, miji mingine ikafungua, na kufikia mwisho wa 1969 chama kilisema kimelisha watoto 20,000.

Na hapo ndipo serikali ya Marekani ikaogopa kweli kweli. Bunduki wangeweza kuzielezea kwa gazeti. Uji utauelezaje? Mei 1969 J. Edgar Hoover, mkurugenzi wa FBI, aliandikia ofisi zake akisema kwamba huo mpango wa kifungua kinywa ndio shughuli yenye ushawishi mkubwa zaidi ya chama, na kwa hiyo huenda ndio tishio kubwa zaidi kwa juhudi za kukivunja. Soma hiyo tena polepole. Mayai ya watoto.

Wakaanza fitina. FBI ilisambaza kitabu cha watoto cha kupaka rangi, chenye picha za kuua polisi, wakikituma kwa wenye maduka waliokuwa wakitoa chakula ili wadhani ndicho watoto wanafunzwa mezani. Chama kilikuwa kimekikataa hicho kitabu. Kule Chicago, mwanachama mmoja wa kike alisimulia baadaye kwamba usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya kulisha watoto, polisi waliingia kanisani, wakaponda chakula chote na kukikojolea. Kiongozi wa Panther pale Chicago alikuwa Fred Hampton, na kifungua kinywa kilikuwa sehemu kubwa ya kazi yake. Polisi walimuua kitandani kwake tarehe 4 Desemba 1969. Alikuwa na miaka 21. Mimi nina zaidi ya hiyo sai.

Sasa kuna upande ambao watu wa mtandao wanapenda kuuongeza chumvi. Wanasema Panther ndio waliovumbua kifungua kinywa cha shule Marekani. Si kweli. Serikali ilikuwa na jaribio dogo tangu 1966, chini ya sheria ya lishe ya watoto. Kilichofanyika ni kwamba Panther waliiaibisha. Ilikuwa ngumu kusimama Washington useme kulisha watoto asubuhi ni jambo gumu wakati vijana wa mtaani wanalifanya kwa mayai ya kuomba. Mwaka 1975 Bunge la Marekani likaufanya huo mpango wa majaribio kuwa wa kudumu. Chama cha Panther kilivunjika baada ya miaka michache. Kifungua kinywa kikabaki, na kabla ya korona kilikuwa kinafikia zaidi ya watoto milioni 14 kwa siku. Na tangu mwaka wa masomo wa 2022–23, California, jimbo la Oakland, inampa kila mtoto wa shule ya umma kifungua kinywa na chakula cha mchana bure, awe wa tajiri awe wa maskini. Ni ule uamuzi wa St. Augustine wa kutouliza mtu fomu, miaka 53 baadaye.

Mimi nilipofika hapo ndipo nikamwelewa mathe.

Maziwa yake yalikuwa na jina. Kwa wale hamkuwepo: Moi alichukua urais 1978 Kenyatta alipofariki, akasema atafuata nyayo zake, na "Nyayo" ikawa wimbo wa kila kitu. Kulikuwa na basi za Nyayo, wodi za Nyayo, mpaka gari la Nyayo. Na maziwa. Wacha nisiwe na roho mbaya: yalifanya kazi. Mwaka 1979, ada zikiwa zimeondolewa na maziwa yameingia, idadi ya watoto wa shule za msingi iliruka kutoka karibu milioni 3 hadi karibu milioni 3.7. Hiyo si propaganda. Hao ni watoto wa kweli, na mathe alikuja kuwa mmoja wao. Lakini mtoto alifundishwa kwamba maziwa ni zawadi ya Baba wa Taifa. Zawadi haidaiwi. Miaka ya mwisho ya 1980 serikali ikaanza kuwaambia wazazi wachangie gharama, miaka ya 1990 pesa zikakauka, KCC iliyokuwa ikipakia hayo maziwa ikayumba mpaka ikaanguka, na piramidi zikapotea moja moja. Nani alizikata? Tarehe gani? Bunge lilipiga kura? Muulize yeyote wa rika la mathe. Walikuwa wanangoja lori.

Linganisha na Uingereza. Mwaka 1971 Margaret Thatcher, akiwa waziri wa elimu, aliwaondolea watoto wa zaidi ya miaka saba maziwa ya bure. Ilibidi apitishe sheria bungeni, mchana, kila mtu akiona. Wakampa jina la mnyang'anyi wa maziwa, na jina hilo likamfuata mpaka kaburini. Marekani, mwaka 1981, serikali ya Reagan ilipokata pesa za chakula cha shule, kukawa na pendekezo ambalo lingeruhusu kechapu ihesabiwe kama mboga. Nchi nzima ikacheka, wakarudi nyuma. Maziwa yalikatwa, ndiyo. Pesa zilikatwa, ndiyo. Lakini ilijulikana ni nani, na lini. Chakula kilicho ndani ya sheria kinaweza kuibiwa, ila mwizi anakuwa na uso. Chakula chenye jina la mkubwa kinaweza kuisha bila mtu yeyote kukosea.

Ndiyo maana nikiskia mtu akisema "mheshimiwa ametuletea uji," naogopa hata kama uji wenyewe ni mtamu.

Na uji wa asubuhi tumeshaujaribu hapa Kenya, vizuri kabisa, kwa vipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wawili, Christel Vermeersch na Michael Kremer, walichukua shule za chekechea 50 kule Busia na Teso. Shule 25 zikapewa uji wa bure asubuhi, nyingine hazikupewa. Kremer huyo alikuja kushinda Nobel ya uchumi 2019, kwa kazi ya aina hiyo hiyo ya majaribio. Matokeo: mahudhurio kwenye shule za uji yalikuwa juu kwa asilimia 30 hivi. Watoto walikuja. Wengine walihama kutoka shule za jirani zisizo na uji.

Hapa ndipo wapenda uji wengi huacha kusoma, kwa hivyo nyinyi endeleeni. Alama za mtihani zilipanda tu pale mwalimu alipokuwa amefunzwa vizuri kabla ya mpango kuanza. Kupika na kugawa uji kulikula muda wa kufunza. Madarasa yakajaa. Na shule nyingine zenye uji zikapandisha ada, juu sasa zinapendwa. Mimi nikisoma hiyo sioni sababu ya kuacha. Naona orodha ya makosa ambayo tayari tumelipia karo. Usimfanye mwalimu kuwa mpishi. Mlipe mama wa mtaa apike, aanze saa kumi na moja, saa moja na nusu sufuria ziwe zimeoshwa. Ukitarajia watoto wengi zaidi, leta mwalimu pamoja na unga. Na usiweke uji shule moja uache kumi za jirani, utahamisha njaa tu.

Najua jibu la wengine wenu. "Kama huwezi kulisha, usizae." Nimeliskia hilo neno kwa matatu, kanisani, hata kwa jamaa zangu. Sitakuja kupigana. Nitakurudisha tu kwa beseni. Mathe hakuwa mvivu. Alikuwa ameamka saa tisa usiku kukanda unga, na ile mandazi uliyoila ukienda kazini ndiyo ambayo mimi sikula. Asubuhi yako ilisimama juu ya yangu. Tulizaliwa watatu, tayari tuko, na kengele ya hesabu inalia saa mbili.

Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba sheria kubwa tunayo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Shida iko chini, kwa nani anabeba sufuria. Jedwali la Nne limeweka chekechea chini ya kaunti, na shule ya msingi chini ya serikali kuu. Kwa hivyo mtoto wa miaka mitano ni wa gavana, akifika Gredi ya 1 anakuwa wa wizara, ingawa ni tumbo lile lile na mara nyingi ni lango lile lile la shule. WFP ilianza kulisha shule za maeneo makavu 1980, ikakabidhi serikali yetu kazi yote 2018. Mpango wa serikali unaonunua chakula cha humu nchini ulianza 2009. Jikoni za Nairobi zipo, wapishi wapo, bangili zipo. Hakuna kitu hapo cha kuvumbua. Kuna kuwasha jiko mara ya pili, mapema, kwa uji, na kuandika kwa sheria ya kaunti kwamba atakayelizima atalizima mchana, bungeni, kwa kura na jina lake.

Kaunti zinapaswa kupeleka makadirio ya bajeti kwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo huwa kuna vikao vya maoni ya wananchi. Vile vikao vya viti vya plastiki, soda moja na tangazo lililobandikwa siku mbili kabla. Sijawahi kwenda hata kimoja. Mwaka huu naenda na swali moja: chakula cha watoto wa wodi yetu kiko kwa mstari gani wa hiyo bajeti, na ni sheria gani inayokilinda gavana akibadilika? Wasee wa mtaani, nani anakuja? Nitaweka tarehe hapa nikiiona kwa ofisi ya wodi.

Nimemwambia mathe twende pamoja. Amesema atakuja, lakini wasianze kabla ya saa tatu. Saa tatu ndiyo mandazi huisha.